Kalavati Lisiishie Barabarani

Barua ya wazi kwa wahandisi wa Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini (TARURA), kwa Tume ya Taifa ya Umwagiliaji, na kwa madiwani wa halmashauri za Dodoma, Singida, Shinyanga, Simiyu na nyanda za chini za Same na Mwanga

YAH: MAJI YA MVUA YANAYOKATIZA BARABARANI

Ndugu wahandisi, waheshimiwa madiwani,

Mvua kubwa ya kwanza ya Desemba inaponyesha Kongwa au Chamwino, maji mengi hayaingii ardhini. Udongo uliokanyagwa na mifugo kiangazi chote umekuwa mgumu, na matone ya kwanza yanauziba zaidi. Maji yanaanza kutembea. Yanafuata mteremko mpaka yanapokutana na tuta la barabara, yanageuka, yanashika mtaro, yanaungana na yale yaliyotoka juu ya barabara yenyewe, kisha yanapenya kwenye kalavati na kutokea upande wa pili kwa nguvu ambayo hayakuwa nayo yalipoanza safari. Hapo ndipo mchoro wa mhandisi unapokoma: ukuta wa zege, sakafu fupi ya mawe, basi. Baada ya mawe hayo linaanza shamba la mtu.

Shamba hilo linapata hasara mara mbili kwa maji yaleyale. Kwanza linachimbwa, na korongo lililoanza kama mfereji wa kurukwa na mtoto linakuwa, baada ya misimu kadhaa, bonde ambalo ng'ombe hawezi kulivuka. Kisha, wiki chache baadaye, mvua inakatika katikati ya msimu, na mahindi yanakunja majani kwa kiu hatua chache tu kutoka kwenye kalavati ambalo mwezi uliopita lilipitisha maji ya kuyatosha.

Barua hii ina ombi moja. Maji yanayotolewa kwenye barabara za vijijini katika maeneo makavu yapangiwe shamba tangu kwenye mchoro wa barabara, yawe na fungu kwenye bajeti, na iwepo ofisi inayowajibika nayo kuanzia mdomo wa kalavati mpaka yanapozama ardhini.

Hesabu yake si ngumu. Milimita moja ya mvua ikianguka kwenye mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Barabara ya udongo yenye upana wa mita 6 ina mita za mraba 6,000 katika kila kilomita. Mvua moja ya milimita 20 inaangusha juu yake lita 120,000, yaani madumu 6,000 ya lita 20. Tuseme nusu inapotea, kwa kunywewa na barabara yenyewe na kukauka. Yanabaki madumu 3,000 kwa kilomita moja, kwa alasiri moja. Dodoma hupata kati ya milimita 500 na 600 hivi kwa mwaka; kwa msimu wa milimita 550, nusu hiyo inafika mita za ujazo 1,650. Na hapo bado hayajahesabiwa maji yanayoshuka kutoka vilimani na kwenye malisho yaliyo juu ya barabara. Mara nyingi hayo ndiyo mengi zaidi, kwa kuwa tuta la barabara huyakinga kutoka eneo pana na kuyapeleka yote mahali pamoja.

Mkulima hahitaji maji hayo yamwagilie msimu mzima. Wengi wetu tukizungumzia umwagiliaji tunafikiria mto, banio na mifereji ya zege inayopeleka maji shambani tangu kupanda hadi kuvuna, na kwa hesabu hiyo maji ya barabarani yanaonekana kidogo mno. Lakini katika nyanda kavu za Afrika Mashariki, mara nyingi mahindi hayafi kwa sababu mvua ya mwaka mzima ilikuwa haba. Yanakufa kwa sababu ilikatika siku mbaya. Mwaka 2003 Jennie Barron, Johan Rockström, Francis Gichuki na Nuhu Hatibu walichapisha utafiti uliochambua kumbukumbu za mvua za Machakos nchini Kenya na Same nchini Tanzania. Waliona kwamba katika takriban misimu mitatu kati ya kila minne, mahindi yalikutana na angalau kipindi kimoja cha ukavu cha siku 10 au zaidi.

Siku 10 zikiangukia wakati mche ungali mdogo, mahindi huvumilia. Zikiangukia wakati mbelewele zinachanua na gunzi linatoa nywele, uchavushaji unaharibika, na mvua itakayokuja baadaye haiwezi kurudisha punje ambazo hazikutungwa. Milimita 50 za maji katika siku hizo ndizo zinazoamua kama kuna mavuno au hakuna. Kwa ekari moja, milimita 50 ni kama mita za ujazo 200. Zile mita za ujazo 1,650 za kilomita moja ya barabara, kama zingehifadhiwa zote, zingetosha kuokoa ekari nane kwa awamu moja. Hazitahifadhiwa zote, jua na upepo wa Dodoma hula milimita kadhaa za bwawa la wazi kila siku, na ardhi nayo inakunywa. Zikibaki za ekari tatu tu, ni ekari tatu kwa kila kilomita, katika nchi ambayo TARURA peke yake inahudumia mtandao wa zaidi ya kilomita 100,000. Hata tukiziondoa barabara zote za mikoa yenye mvua za kutosha, zinazobaki ni nyingi.

Kazi hii imekwishafanywa kwingine, na baadhi ya waliofanya ni majirani. Mwaka 2006 Erik Nissen-Petersen, mtaalamu wa Kidenmaki aliyefanya kazi Kenya kwa miongo kadhaa, alichapisha kwa ufadhili wa Danida, shirika la misaada la Denmark, kitabu cha mwongozo kwa mafundi na wakulima, chote kikihusu uvunaji wa maji ya barabarani. Makueni na Kitui, huko Ukambani, wapo wakulima ambao mashamba yao yanaishi kwa njia hiyo. Mtaro unaanzia kando ya barabara, unaingia shambani taratibu kwa mteremko mdogo, halafu unagawa maji kwenye mitaro ya fanya juu, ile inayochimbwa kufuata kontua na udongo wake kurushwa upande wa juu ukawa tuta. Mtaro wa kwanza ukijaa, maji yanafurikia pembeni hadi wa pili, kisha wa tatu. Ndani ya mitaro inapandwa migomba na mipapai, mazao ambayo kwa mvua ya Ukambani peke yake yasingesimama. Juu ya tuta zinapandwa nyasi za kulisha ng'ombe, na mizizi yake inashika udongo.

Huko Yatta, katika Kaunti ya Machakos, baada ya ukame mkali wa 2009, Askofu Titus Masika alianzisha kampeni iliyoitwa Operation Mwolyo Out. Mwolyo ni chakula cha msaada, na lengo la kampeni lilikuwa watu waache kukisubiri. Kila kaya ilihimizwa kuchimba bwawa lake la kukinga maji ya mvua. Watu walichimba kwa majembe na sepetu, familia kwa familia, wakisaidiana kwa zamu. Wakalima mboga na matunda ya kuuza mahali ambapo miaka michache nyuma magari yalikuwa yanaleta mahindi ya njaa.

Lakini mfano unaowagusa ninyi moja kwa moja, ndugu wahandisi, uko Tigray, kaskazini mwa Ethiopia, kwa sababu kule waliohusika hawakuwa wakulima peke yao. Miaka kadhaa kabla ya vita vilivyoanza Novemba 2020, Chuo Kikuu cha Mekelle, ofisi za serikali ya jimbo na wataalamu kutoka Uholanzi walikagua barabara zilizokwisha kujengwa na kuorodhesha sehemu ambazo maji yalikuwa yanaleta madhara: makorongo chini ya makalavati, nyumba zinazofurika, mashamba yanayofunikwa mchanga. Kisha kila sehemu ya madhara wakaitazama kama chanzo cha maji. Chini ya kalavati moja walichimba mfululizo wa mashimo ya kuzamisha maji; kwingine mtaro ulielekezwa kwenye shimo lililobaki baada ya mkandarasi kuchukua kifusi, likawa bwawa; kwingine maji yalitawanywa moja kwa moja kwenye mashamba ya tambarare. Tigray ilikuwa na utaratibu wa wananchi kujitolea siku kadhaa kila mwaka kuhifadhi ardhi, na kazi hizi za barabarani ziliingizwa humo. Visima vifupi vilivyo jirani vilionyesha maji ya chini ya ardhi yakipanda. Uzoefu huo, pamoja na wa Kenya na nchi nyingine, ndio uliochangia mwongozo wa Benki ya Dunia wa mwaka 2021 kuhusu barabara na maji. Benki hiyohiyo imekuwa ikikopesha miradi mingi ya barabara hapa kwetu, kwa hiyo mwongozo huo hauko mbali na meza zenu.

Jambo jingine la kutazamwa kwa makini ni drifti, yaani kivuko cha zege ambapo barabara hupita juu ya kitanda cha mto. Barabara nyingi za vijijini Dodoma na Singida huvuka mito ya mchanga, ambayo hutiririka kwa siku chache za mvua kubwa na kubaki mikavu juu huku ikiwa na maji chini. Wenyeji wanajua, kiangazi wanachimba mchangani na kuchota. Kwa kawaida drifti hujengwa usawa wa mchanga, au huwekewa mabomba ili maji yapite chini. Ikijengwa kama ukuta mzima usio na matundu, msingi wake ukakaa juu ya mwamba na kimo chake kikapanda kiasi juu ya kitanda cha mto, kila furiko linaacha mchanga mzito nyuma yake hadi unafika usawa wa barabara. Mchanga mnene hushika maji kati ya robo na theluthi moja hivi ya ujazo wake, wakati mwingine zaidi kidogo, na maji hayo hayakauki kwa urahisi kwa kuwa jua haliyafikii. Mbu naye hawezi kutaga humo. Kisima kifupi kando ya mto kinatosha kuyatoa kwa pampu ndogo hadi kwenye bustani. Ukambani mabwawa ya mchanga yamejengwa kwa wingi, hasa na vikundi vya wananchi. Joshua Mukusya, aliyeanzisha shirika la Utooni mwaka 1978, alitumia maisha yake kwa kazi hiyo mpaka alipofariki 2011. Drifti ya namna hii inafanya kazi mbili kwa zege moja. Haifai kila mahali: pasipo na mwamba wa karibu maji yatapita chini ya ukuta, na mto unaobeba tope badala ya mchanga utajaza udongo usioshika maji ya kuchoteka. Ndiyo sababu unahitajika mchoro wa mhandisi na si juhudi za kijiji peke yake.

Pingamizi lenu linajulikana, na lina uzito. Mhandisi wa barabara amefundishwa kuyaogopa maji, na amefundishwa vyema. Maji yakikaa kando ya tuta na kupenya chini, tabaka za barabara zinalainika. Lori likipita, linatitia. Kwa hiyo bwawa halipaswi kuchimbwa kwenye ubavu wa barabara, na mkulima asiruhusiwe kuziba kalavati ili maji yamgeukie. Hayo hayana ubishi.

Ila kuyatoa maji barabarani na kuyafikisha shambani kunaweza kuwa kazi moja. Barabara inayotoa maji mara chache, kwa wingi mkubwa kila mara, ndiyo inayochimba makorongo. Na korongo lililoanzia chini ya kalavati hupanda kurudi nyuma mwaka hadi mwaka, likila udongo kuelekea barabarani, hadi siku kalavati lenyewe linaning'inia. Mitaro ya kuchepusha maji ikiwekwa karibukaribu, kila mmoja unatoa maji kidogo yanayoweza kupokewa na shamba moja, na barabara inapumua. Mkulima mwenye maslahi kwenye maji hayo atauzibua mtaro kabla ya masika bila kusubiri fungu la matengenezo. Leo hana sababu ya kufanya hivyo. Kwake ule mtaro ni adui, na kwa mujibu wa sheria si wake: Sheria ya Barabara ya 2007 ilipanua hifadhi ya barabara kuu na za mikoa kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande, na anayechimba humo bila kibali anavunja sheria. Mantiki ya kulinda hifadhi ya barabara inaeleweka. Kinachokosekana ni kibali chepesi kinachosema: hapa unaruhusiwa kupokea maji, kwa mtaro wa upana huu na mteremko huu, na wajibu wako ni huu.

Zimbabwe iliwahi kupitia jambo linalofanana na hili mno. Wakati wa ukoloni wakulima wa Kiafrika walilazimishwa kuchimba mitaro ya kontua ya kutoa maji nje ya mashamba ili kuzuia mmomonyoko. Mitaro ilifanya kazi yake. Maji yaliondoka, na mashamba ya wilaya kavu kama Zvishavane yakazidi kukauka. Mkulima mmoja wa huko, Zephaniah Phiri Maseko, alichimba mashimo makubwa ndani ya mitaro ileile ili maji yasimame na kuzama badala ya kukimbia. Alishtakiwa kwa kukiuka kanuni za matumizi ya ardhi. Hakuacha. Alipofariki mwaka 2015 shamba lake lilikuwa limepokea wageni kutoka nchi nyingi waliokuja kujifunza, na mashimo hayo yanaitwa kwa jina lake.

Kwa Tume ya Taifa ya Umwagiliaji, neno ni tofauti kidogo. Tangu ilipoundwa kwa sheria ya 2013, takwimu inayorudiwa katika hotuba na mipango ni hekta milioni 29.4 zinazofaa kwa umwagiliaji nchini. Zinazomwagiliwa ni sehemu ndogo tu ya hizo. Skimu kubwa zinazojengwa zinahitajika, na hakuna anayezipinga hapa. Lakini skimu hufuata mito, na sehemu kubwa ya Dodoma na Singida haina mto unaotiririka mwaka mzima. Mkulima wa huko akisubiri banio atasubiri sana.

Usukumani hawakusubiri. Mpunga wa Shinyanga, Simiyu na Mwanza kwa sehemu kubwa hulimwa kwenye majaluba, vipande vya shamba vilivyozungushiwa tuta la udongo ili kukinga maji yanayoteremka kutoka kwenye ardhi ya kichanga ya luseni iliyo juu, hadi kwenye itogolo na mbuga kule chini ambako udongo wa mfinyanzi hauyaachii upesi. Hakuna mto, hakuna mfereji wa zege. Kuna tuta, jembe, na ujuzi wa kusoma mteremko. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, wakiongozwa na Nuhu Hatibu, walichapisha mwaka 2006 uchambuzi wa kiuchumi wa uvunaji wa maji ya mvua katika wilaya kavu, na mpunga ndio uliolipa zaidi nguvu kazi ya mkulima, kwa kuwa pasipo kukinga maji usingelimika kabisa. Jambo la pili walilolikuta linapaswa kubadili ushauri unaotolewa na maofisa ugani wengi: maji yaliyovunwa yalilipa zaidi kwenye mahindi kuliko kwenye mtama. Kwa muda mrefu mikoa kavu imehimizwa ilime mazao yanayovumilia ukame, na ushauri huo una maana pale ambapo mkulima hana maji ya ziada. Akishayapata, ni haki yake kulima kinachouzika.

Hayo majaluba, pamoja na mitaro ya wakulima wa Makanya wanaokinga mafuriko yanayoshuka kutoka milima ya Upare, yaingizwe kwenye ramani na takwimu za Tume kama umwagiliaji kamili. Kisichohesabiwa hakipangiwi fedha, wala mtaalamu hatumwi kukiboresha. Na ikiwezekana, akiba ya kwanza ya maji iwe udongo wenyewe: tuta, shimo la kupandia, samadi, mtaro wa kontua. Lambo lije baadaye, pale ambapo udongo umekwisha kupewa nafasi ya kunywa. Lambo ni gharama, linajaa tope, na linapoteza maji kwa jua. Linafaa kwa bustani na kwa ile awamu moja ya kuokoa mahindi, halifai kubeba mzigo wote.

Wapo watakaouliza kuhusu walio chini ya mkondo. Wana haki ya kuuliza. Maji yakikingwa Kongwa, nani ananyimwa? Mara nyingi katika nyanda hizi walio chini wanaumizwa na wingi wa maji yanayofika kwa mkupuo. Reli ya Kati kati ya Gulwe na Kilosa imebomolewa na mafuriko mara nyingi, na ule uharibifu wa mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 ulikatiza safari za treni kwa muda mrefu. Maji yanayofanya kazi hiyo hutoka kwenye miteremko ya Dodoma, pamoja na Mpwapwa na Kongwa, kupitia mto Kinyasungwe. Kila lita inayozama shambani Kongwa ni lita isiyogonga tuta la reli.

Kuna pia kisima cha Dodoma yenyewe. Jiji limetegemea kwa miongo mingi maji ya chini ya ardhi ya Makutupora. Mwaka 2013 Richard Taylor na wenzake, wakiwemo Watanzania, walichapisha uchambuzi wa kumbukumbu za kina cha maji ya Makutupora za kuanzia miaka ya 1950, mojawapo ya kumbukumbu ndefu zaidi za aina hiyo katika ukanda wa tropiki. Walionyesha kwamba hifadhi hiyo hujazwa hasa na misimu michache ya mvua kubwa kupita kiasi, mara nyingi ya El Niño, huku miaka mingi ikipita bila kuongeza kitu cha maana. Mvua zilezile zinazobomoa makalavati ndizo zinazojaza visima, zikipewa muda wa kuzama.

Lakini ndani ya kijiji kimoja ugomvi unawezekana, na hilo lisifichwe. Kalavati likiwa juu ya shamba la mmoja, atataka yote, na wa chini yake atabaki na vumbi. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 inatamka kuwa maji ni mali ya umma, Rais akiwa mdhamini, na inatambua jumuiya za watumia maji. Wapare wana uzoefu mrefu zaidi ya sheria hiyo. Ndiva zao, mabwawa madogo ya mlimani yanayojazwa usiku na kufunguliwa mchana, zimeendeshwa kwa vizazi kwa zamu, kwa kamati, na kwa adhabu kwa anayefungua maji siku isiyo yake. Halmashauri ya Same haina haja ya kuagiza mshauri kutoka mbali ili aandike kanuni za kugawa maji ya kalavati. Wazee wa zamu wapo, na wanawake wanaolima bustani za kiangazi wapo. Wote wakae kwenye kamati tangu siku ya kwanza, kwa sababu wanawake ndio wanaobeba madumu pale kamati inaposhindwa.

Tahadhari nazo zisiachwe kwa wananchi wagundue wenyewe. Bwawa la karibu na nyumba lizungushiwe minyaa au miti ya miiba ili mtoto asitumbukie. Mahali ambapo maji yatasimama zaidi ya wiki moja, mbu watazaliana, kwa hiyo lambo liwekewe perege na kusafishwa majani ya kingoni. Maji ya barabarani yana vumbi, mafuta ya magari na kinyesi cha mifugo. Ni ya shamba, si ya kunywa, na mboga zinazoliwa mbichi zimwagiliwe kwenye udongo, si juu ya majani. Na kwenye udongo wa chumvichumvi unaoyeyuka ukilowa, ambao upo sehemu nyingi za Dodoma, maji yasielekezwe kabisa bila kupimwa, maana yatachimba shimo chini kwa chini kabla mtu hajaona korongo juu.

Basi kila halmashauri kavu ichague barabara moja iliyokwisha kupangiwa matengenezo. Mhandisi, ofisa ugani, ofisa wa umwagiliaji na mtendaji wa kijiji waitembee kwa miguu siku ya mvua, pamoja na wenye mashamba, na kila kalavati liandikwe: maji yanatoka wapi, yanaishia wapi, nani anaumia, nani anaweza kuyapokea. Mchoro wa kalavati uendelee mpaka kwenye shamba hilo. Mkataba wa mkandarasi uwe na kipengele cha mashimo ya kifusi: kama kijiji kinalihitaji shimo, aliache likiwa na kingo za mteremko, mlango wa kuingizia maji na utoro wa kuyatolea, badala ya kuliacha mtego wa ng'ombe na watoto. Kila drifti mpya kwenye mto wa mchanga ipimwe kwanza kama inaweza kuwa bwawa la mchanga. Kibali cha kupokea maji ya barabarani kiwe karatasi moja inayotolewa kwenye kata, bila ada.

Mwaka wa fedha unaanza Julai, na Dodoma mvua haishiki mpaka mwishoni mwa Novemba au Desemba. Hiyo ni miezi minne na zaidi ambayo greda liko barabarani na ardhi ni kavu ya kuchimbika. Msimu ukiisha, ofisa ugani apime magunia yaliyovunwa kwenye mashamba yaliyopokea maji na yale ya jirani yasiyopokea. Mhandisi apime kina cha korongo chini ya kila kalavati na gharama ya matengenezo ya kilomita hizo. Takwimu zote mbili zisomwe kwenye baraza la madiwani na kubandikwa kwenye mbao za matangazo za vijiji husika kabla bajeti inayofuata haijapitishwa, zikionyesha kalavati kwa kalavati, hata pale ambapo kazi haikufaulu.